Tulipozuia Taurati Isisomwe

Mwanangu Thierry ana mdomo mtamu, na mimi niliyemzaa nasema mdomo huo ungebandikwa plasta. Kila Sabato, katika sinagogi yetu ndogo hapa Strasbourg, kabla gombo halijafunguliwa, alikuwa anasimama kueleza fungu la wiki, yaani zile sura za Taurati ambazo Wayahudi wote duniani wanazisoma wiki hiyo. Anachukua mstari mmoja, labda wa visima vya Isaka, anaugeuza huku na huku, na kufumba na kufumbua mstari unahusu simu, bosi mkali, watoto wasioongea na wazazi wao, upweke wa mtu wa leo. Watu wanalia. Bi Hirtz, jirani yangu kwenye roshani ya wanawake, alikuwa analia mpaka leso inalowa, kisha ananiegemea na kusema, "Bi Huguette, ulizaa hazina." Nami namjibu, "Nilizaa mtoto wa kilo nne, basi."

Kazi yake ni daktari wa meno. Wiki nzima watu wanamwachamia, na Sabato ikifika walikuwa wanakuja kumwachamia tena.

Lakini sikukaa hapa kumsimulia yeye. Ameshasimuliwa vya kutosha, tena na watu wasiomjua. Namsimulia Joelle, mkewe, ambaye kwa serikali hakuwa mkewe tena na kwa sheria yetu alikuwa mkewe bado. Ndipo taabu yote ilipoanzia.

Joelle alikuja kwetu kutoka Metz, msichana mwembamba aliyelelewa na shangazi yake, ana kicheko kikubwa kuliko mwili. Anafanya kazi kwenye duka la miwani karibu na soko. Si msomi, si mtu wa kamati, si wa kuonekana mbele. Wazee wanamletea miwani waliyoikalia, imefungwa ndani ya kitambaa cha pua, naye anaipokea kwa mikono miwili na kuwatania, "Leo ulikuwa unatazama kwa makalio, mzee?" Akija kwangu hunivua miwani usoni bila hata kuniuliza, anaipangusa kwa upindo wa blauzi, ananivisha tena, na mazungumzo yanaendelea. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini kwa huyo sijawahi kupandisha sauti.

Naona mnangoja niseme Thierry alimpiga. Hakumpiga. Alimnunia. Joelle akicheka sana mbele ya wageni, ananuniwa. Akisahau kupeleka shati kwa dobi, ananuniwa. Wiki hata mwezi, mwanangu anaongea na wageni, anaongea nami, anaongea na paka wa jirani, na mkewe anapita sebuleni kama kiti kilichohamishwa. Halafu Sabato inafika, bwana mkubwa anasimama kutufundisha jinsi Mungu alivyoumba dunia kwa neno, na jinsi sisi nasi tunavyoweza kumponya mwenzetu kwa neno. Joelle alikuwa ananitazama kule roshanini, mimi naitazama dari ili nisitukane mahali patakatifu.

Akaondoka na sanduku moja. Mahakama ya serikali ikamaliza mambo upesi, wakagawana vyombo, hawakuwa na mtoto. Ila kwetu sisi hakimu wa serikali havunji ndoa. Talaka inaandikwa kwa mkono, na mume mwenyewe anaitia mikononi mwa mke. Asipotaka kuitia, mke amefungwa. Hawezi kuolewa. Akizaa na mwanamume mwingine, mtoto huyo hataruhusiwa kuoa kwetu, wala watoto wake, wala wajukuu. Na Joelle alikuwa amempata Didier, mwalimu wa kuogelea wa Colmar, mjane mwenye masikio makubwa na moyo safi, na Joelle mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na tisa na anataka mtoto. Alitaka mtoto kuliko kitu chochote.

Marabi walimwita Thierry. Alikwenda anatabasamu. Hakukataa, maana mwanangu hakatai kitu, ana adabu zake. Alisema hajawa tayari kiroho. Walipomwita tena akasema bado anatafakari. Walipomwita tena aliwapa somo la nusu saa juu ya subira ya Yakobo, na wakaagana naye kwa kumshika mkono. Majuha!

Basi ile Alhamisi, mwisho wa Agosti, nilikuwa napanga plamu juu ya unga wa pai, Joelle akaingia jikoni na koti mwilini. Hakunivua miwani. Akaketi.

"Mama, nimempigia Thierry," akasema.

"Kasemaje?"

"Kasema anasubiri fungu la wiki limpe mwanga. Kasema bado hajaiona maana ya kuachana kwetu, na mtu hapaswi kufanya jambo kubwa kabla hajaiona maana yake."

Nilitupa kisu kwenye beseni. "Maana! Nitampa maana mimi, nitampa ya mgongoni! Unajua fungu la wiki hii ni lipi?"

"Nitajuaje, Mama? Mimi nauza fremu."

Nikafuta mikono, nikaleta kitabu, nikamfungulia. Kila Ijumaa nasoma fungu zima huku supu ikichemka, nimefanya hivyo tangu nimeolewa, na sijawahi kuona haja ya kusimama mbele za watu kujisifu kwalo. Nikamwonyesha kwa kidole chenye unga. Imo humo humo, wiki hiyo hiyo: mwanamume anaandika hati ya kuachana, anaitia mkononi mwa mke, anamwacha aende.

"Anataka mwanga? Mwanga huu hapa, umemwaka usoni!"

"Hatausoma huo, Mama. Atachagua mwingine."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililonikata maini. Mtu akilia bado anategemea kitu.

Hapo nikamwambia habari ya kuzuia usomaji. Kwa bibi yangu, kijijini, watu walikuwa wanaifanya. Mtu aliyedhulumiwa na hakupata wa kumsikiliza alikuwa na haki ya kwenda mezani siku ya Sabato, akaweka mkono, akasema: leo Taurati haisomwi mpaka mnisikilize. Na kusanyiko zima linasimama. Hata tajiri anasimama. Hakuna sala inayosonga mbele, hakuna anayekwenda kula. Bibi alimwona mchuuzi wa vitambaa akifanya hivyo, na alisema wanaume waligeuka rangi wote.

"Bado inaruhusiwa?" Joelle akauliza.

"Nani aliifuta? Mimi sikuletewa taarifa."

"Mama, mimi siwezi. Mbele ya wanaume wote wale? Miguu yangu itakataa."

"Basi kaa na miguu yako, umngoje Thierry aone maana."

Nilikuwa mkali, najua. Akainuka, akafunga vifungo vya koti, akatoka bila pai.

Jioni mume wangu Armand alinikuta bado nagonga gonga sufuria. Armand ni mtu wa tusigombane. Maisha yake yote ameshona suti za watu, na ukimwambia nyumba inaungua atakwambia tusigombane, tutoke taratibu. Sinagogini anakaa mstari wa mbele kabisa, na Thierry akisimama kusema, yule mzee anakuwa mrefu kwenye kiti.

"Huguette," akasema, "ni mtoto wetu."

"Najua ni wetu. Nilikuwepo."

"Ataiona njia mwenyewe. Ana moyo mzuri. Sikia anavyosema."

"Nimechoka kusikia anavyosema!"

Akaenda kulala.

Sabato asubuhi sinagogi ilijaa, watu wamesharudi kutoka likizo, wamewiva kwa jua. Joelle alikuwepo, kakaa nyuma kabisa ya roshani. Nikamfanyia ishara ya kichwa, akatazama pembeni. Nikasema moyoni, haya, basi, yamekwisha.

Thierry akasimama. Shali yake ya sala nyeupe, nywele zimechanwa vizuri, sauti ya chini inayowafanya watu wasogee mbele. Na mnajua alichagua mstari gani? Katika fungu lenye talaka, mwanangu alichagua kiota. Iko amri humo: ukikuta kiota njiani, na mama ndege amelalia makinda, usimchukue mama pamoja na watoto. Mwachilie mama aende.

"Ndugu zangu," akasema, "sisi watu wa leo tumeshika vitu vingi mno. Tunashika kazi, tunashika simu, tunashika kinyongo. Tukimpenda mtu tunambana. Taurati inatunong'oneza: fungua kiganja. Hata ndege mdogo ana haki ya kuruka. Jiulizeni wiki hii: ni nani nimemshika, ambaye ningepaswa kumwachilia?"

Haki ya Mungu alisema hivyo. Kwa macho makavu. Bi Hirtz alikuwa anatiririka machozi. "Oh, Bi Huguette," ananinong'oneza, "ndege yule!" Kule chini namwona Armand anapangusa macho kwa ncha ya shali.

Nilitaka kurusha kiatu. Nikasikia ubao unalia nyuma yangu. Joelle amesimama. Alipita nyuma ya viti vyetu, mweupe kama unga, akashika ngazi, na nikasikia viatu vyake vikishuka.

Gombo lilikuwa limeshalazwa mezani, bado na vazi lake la bluu. Bwana Hirtz, msimamizi wetu, ambaye ndiye huita watu waje mezani kusomewa, alikuwa anafungua kinywa kumwita wa kwanza. Joelle akapita katikati ya wanaume, akaweka kiganja juu ya vazi lile.

"Leo haisomwi," akasema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu: "Leo haisomwi mpaka mnisikilize. Nimefungwa miaka mitatu."

Mungu wangu, zogo lililolipuka! Wanaume wanaojua sala zote kwa moyo wakawa wachuuzi wa samaki.

"Mtoeni!"

"Wee mwanamke, ni Sabato leo!"

"Ana wazimu huyu, nani kamruhusu kushuka?"

"Hivi vitu peleka kwa wanasheria!"

Mmoja nyuma akapiga mluzi. Bwana Hirtz akanyoosha mkono kama anayefukuza kuku, lakini kumgusa mwanamke asiye mkewe hawezi, na Joelle hakusogea. Miguu yake ilikuwa inatetemeka, niliiona kutoka juu, ila haikusogea.

Rabi Picard, kijana mwoga anayeshauriana na mkewe hata juu ya tai, alipanda jukwaani. "Desturi ipo," akasema, na masikio yamemwiva. "Aliyedhulumiwa ana haki ya kuzuia usomaji."

"Hata mwanamke?" Bwana Hirtz akang'aka.

"Haikuandikwa wanaume tu."

Hapo wakamgeukia Thierry. Na mwanangu, loo, alijua la kufanya. Hakukasirika. Akasogea, akainamisha kichwa upande, akasema kwa ile sauti yake: "Joelle. Sote tunakuona unavyoumia. Mimi pia naumia. Lakini mambo ya moyo hayaamuliwi kwa kelele. Tukae, tutafakari pamoja, tuone Mungu anatuambia nini."

"Umetafakari miaka mitatu," Joelle akasema.

"Unajiaibisha, mpenzi."

Na walikuwa wanamkubali! Ndicho kilichonipandisha damu. Nikaona mabega yanalegea, vichwa vinatikisika: msikilizeni daktari, daktari anasema vizuri. Bwana Hirtz akasema kuna gombo jingine kabatini, walichukue, washuke kwenye ukumbi wa chini penye meza za chakula, wasome huko, na huyu abaki hapa na mkono wake. Watu wakaanza kukusanya vitabu. Joelle akatazama juu roshanini, akanitafuta.

Nilishuka ngazi zile kwa goti langu bovu haraka kuliko nilivyoshuka siku ya harusi yangu. Bi Hirtz ananivuta gauni, "Bi Huguette, usifanye," nami nikamwambia alie kimya kimya. Wanaume wakanipisha. Nikaenda nikasimama kando ya Joelle, mbele ya yule mtoto wangu.

"Mama," akasema, "rudi juu, tafadhali."

"Unapenda fungu la wiki hii? Twende nalo basi. Umeruka mstari." Nikawageukia wazee wa mstari wa mbele. Sikuhitaji kitabu. Katika sura hizo hizo imeandikwa juu ya wazazi wenye mwana asiyesikia: wamlete mbele ya wazee wa mji na waseme maneno yao. Nikayasema. "Mwana wetu huyu ni mkaidi na mwasi. Hasikii sauti yetu."

Waliokuwa wanakusanya vitabu wakasimama. Kila mtu pale anajua sheria ile inavyomalizika. Inamalizika kwa mawe. Na kila mtu anajua walimu wetu wa kale walivyosema, kwamba haijapata kutokea hata mara moja, kwamba hakuna mzazi aliyewahi kuyatamka.

"Bi Huguette!" Bwana Hirtz akasema. "Sheria hiyo haijawahi kutumika!"

"Sijakuomba mawe, Hirtz. Nimekuomba masikio."

Rabi Picard akainua kidole. Nadhani alitaka kunisaidia, maskini, au alitaka tu kuwa sahihi. "Sheria inasema baba yake na mama yake," akasema. "Wote wawili. Mmoja hatoshi."

Nao wote wakageuka, kusanyiko zima, wakamtazama Armand.

Thierry naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona ana wasiwasi. "Baba, kaa," akasema upesi. "Mama amechanganyikiwa. Kaa tu."

Mume wangu alikuwa ameinamia kitabu chake. Niliona utosi wake tu. Nikawaza, atasema tusigombane. Akilisema leo, sirudi nyumbani. Alichukua muda mrefu kufunga kile kitabu. Akakibusu, kama tunavyofanya, akakiweka kwenye kiti, akaja kwa miguu yake ya fundi aliyekaa maisha yote, akasimama upande wa pili wa Joelle.

"Mwana wetu huyu," akaanza. Akakohoa. "Hasikii sauti yetu." Kisha akamtazama Thierry usoni. "Mpe, mwanangu. Mpe mtoto wa watu aende zake."

Hakuna aliyepiga mluzi tena. Bwana Hirtz, ambaye sijawahi kumpenda na simpendi, alivua kofia, akaivaa tena, akasema kwamba siku hiyo Daktari Uhlmann, yaani mwanangu, hataitwa mezani. Wala Sabato ijayo. Wazee wawili watatu wakaitikia kwa kichwa.

Thierry akawa mwekundu, kisha mweupe. Alitafuta neno, yule mwenye maneno, akatazama nyuso za watu wake waliokuwa wanamlilia muda mfupi tu uliopita, na hakukuta hata mmoja wa kumtetea. "Jumatatu," akasema.

"Sema mbele ya wote, Jumatatu nini," Joelle akasema.

"Jumatatu nitakupa talaka."

Joelle akaondoa mkono kwenye gombo. Kiganja kilikuwa kimeacha alama ya jasho juu ya lile vazi la bluu. Tukapanda juu, na Taurati ikasomwa, na kiota kikasomwa, na talaka ikasomwa, na Thierry alikuwa ameshatoka.

Jumatatu mwandishi wa mahakama ya marabi alikaa asubuhi nzima na kalamu yake ya unyoya. Talaka ya kulazimishwa haifai kitu kwetu, kwa hiyo wakamuuliza Thierry kama anatoa kwa hiari yake. Alitutazama mimi na baba yake, akaacha kimya kirefu kipite, makusudi, ili tuchemke. Kisha akasema, "Kwa hiari yangu." Joelle akakinga mikono pamoja, kama anayepokea maji, naye akaidondosha karatasi humo kutoka juu, asimguse. Akatupita mlangoni. Armand alisema, "Thierry." Hakugeuka.

Sasa hivi anafundisha kwenye sinagogi nyingine, ng'ambo ya mto Ill. Naambiwa panajaa. Na anune tu, sijali, ndivyo ninavyojibu nikiulizwa sokoni.

Joelle alikuja kwetu Ijumaa ya wiki ile ya talaka, jioni, na Didier, na maua. Alikuwa anacheka cheko lake lote. Meza ilikuwa tayari, mishumaa inawaka, samaki baridi kwenye sahani yake. Kabla ya mkate, kwetu, baba huwawekea watoto wake mikono kichwani na kuwabariki, hata wakiwa na mvi. Thierry hakuwahi kukosa mpaka Ijumaa ile. Wiki mbaya, wiki nzuri, amemnunia Joelle au hajamnunia, Ijumaa jioni alikuja kuinamisha kichwa mbele ya baba yake, dakika moja, kisha anakwenda zake.

Armand akasimama mahali pake. Akainua mikono kwa mazoea, ikabaki hewani, hakuna kichwa chini yake. Joelle aliona. Akazunguka meza, akainama mbele yake, akangoja.

Armand alimtazama yule binti ambaye yeye ndiye aliyemfungua, kwa kinywa chake mwenyewe. Akashusha mikono, akairudisha ubavuni.

"Nisamehe," akamwambia. "Siwezi."

Akaketi. Nikamwambia Joelle ainuke, nikakata mkate.